Usukani mlegevu kwenye Land Cruiser 80: nianze na boksi, tairodi au kasta?

Kiboko80

Wakuu, naomba maoni yenu. Nina Land Cruiser ya mfululizo wa 80. Mmiliki aliyenitangulia aliiinua kwa koili ndefu, kama sentimita 5 juu ya kimo cha kiwandani, na akaifunga matairi mapana ya matope. Kwenye njia mbovu, mwendo wa pole, sina malalamiko. Ikifika kilomita 80 kwa saa kwenye lami ndipo shughuli inapoanza: narekebisha kushoto, narekebisha kulia, mikono haipumziki. Halafu katikati ya usukani pana sehemu nazungusha na hakuna kinachotokea.

Nimeshapewa tiba nne, na kila anayetoa yake anaapa kwayo. Wa kwanza anasema kaza skrubu ya boksi la stelingi, lile la gia zinazopokea mzunguko wa usukani. Wa pili, tupa hilo boksi, nunua lililofumuliwa na kujengwa upya. Wa tatu, badilisha tairodi endi zote, yaani viungo vya ncha za fimbo inayounganisha magurudumu ya mbele, pamoja na dampa ya usukani. Wa nne anasema kote huko ni kupoteza muda, kasta, yaani ule mlalo wa ekseli ya mbele unaorudisha usukani katikati, imepotea tangu gari lilipoinuliwa. Mngekuwa ninyi mngeanza wapi?

Mzee wa Difu

Kiboko, hao wanne wanaweza kuwa sahihi wote, maana umeeleza maradhi mawili kwa pumzi moja. Usukani wenye pleyi, yaani unaocheza bila magurudumu kugeuka, ni jambo moja. Gari lisiloshika mstari ni jambo jingine. Nimeendesha gari ambalo boksi lilikuwa jipya, halina pleyi hata ya ukucha, na bado lilizurura barabara nzima kwa sababu kasta ilikaribia sifuri. Nimeendesha pia malori makuukuu yenye pleyi ya kutosha kukunja ngumi, na yanakwenda mstari mnyoofu bila kushikiliwa.

Yatenganishe kwanza. Tafuta uwanja mpana, tambarare, mtupu. Kata kona taratibu, kisha legeza mikono. Usukani ukirudi katikati wenyewe, kasta ipo. Ukigoma ulipouacha, ama kasta imekwisha, ama kuna kitu kinabana: beringi za kingpini (egemeo ambalo gurudumu hugeukia) zimekazwa mno, au kuna mtu ameshaichezea hiyo skrubu ya boksi kabla yako.

Na kabla ya yote pima upepo wa matairi. Tairi la matope lenye upepo mdogo linafuata kila mfereji wa lami. Hamishia ya nyuma mbele, endesha, uone kama tabia inabadilika. Hiyo haina gharama.

Dada Spana

Naunga mkono, ila niongeze kipimo cha pleyi, kwa sababu naona watu wananunua vipuri bila kukifanya. Kinahitaji watu wawili na muda mfupi. Magurudumu yote yawe chini, gari likiwa na uzito wake. Usilipige jeki kwa sehemu hii, maana viungo vikining'inia vinakudanganya. Breki ya mkono, vizuizi kwenye magurudumu ya nyuma, injini iwake ili pampu isukume na mzigo ufike kwenye viungo.

Mmoja akae ndani autikise usukani kushoto na kulia kidogo tu, ndani ya ile sehemu iliyokufa, bila kuacha. Mwingine aanze juu na kushuka chini, kiungo kwa kiungo:

Kwanza krosi za kolamu, yaani viungo vya shafti ya usukani, kuanzia kwenye ukuta kati ya kabini na injini hadi kwenye boksi. Kisha boksi lenyewe: shafti ya kuingilia ikizunguka na mkono wa pitmani (ule unaotoka kwenye boksi kusukuma fimbo) ukasimama, pleyi iko ndani ya boksi. Lakini angalia pia kama boksi zima linasogea kwenye chasisi. Bolti zikilegea, au chasisi ikipasuka pale lilipofungwa, utakaza skrubu hadi uzeeke. Kisha dragi linki, ile fimbo inayotoka kwenye pitmani kwenda kwenye gurudumu. Shika kiungo kwa kiganja ukigusa pande zote mbili kwa pamoja. Jicho linapitwa na pleyi ndogo, kiganja hakipitwi. Kisha tairodi. Mwisho, fimbo ya panhadi, ile inayoizuia ekseli isihame pembeni. Ekseli ikihama pembeni huku magurudumu hayajageuka, bushi za panhadi (mipira ya kwenye viungo vyake) zimekwisha, na huo ni ugonjwa unaosingiziwa boksi kila siku.

Ukimaliza hapo ndipo upige jeki ekseli. Tikisa tairi ukishika juu na chini. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Pleyi ikipotea, ni beringi za habu, kwa sababu breki imeifunga habu pamoja na nakeli, kile kipande kinachobeba gurudumu na kugeuka nalo. Ikibaki, ni beringi za kingpini. Hapo umeokoa siku nzima ya kufungua kitu kisicho na kosa.

Torki

Dampa iondoe kabisa kwenye orodha. Kazi yake ni kuzuia usukani kutetemeka na kupunguza kipigo unapogonga jiwe. Haiongezi kasta wala haiondoi pleyi. Gari likizurura, dampa mpya itakupa gari linalozurura lenye usukani mzito.

Chuma Kuukuu

Mimi nitasema wazi: boksi la umri huo, nunua lililojengwa upya, umalize kelele. Ukikaza skrubu unasogeza tatizo mbele tu. Ndani mna gololi zinazotembea kwenye skrubu, mna meno ya sekta (gia inayouzungusha mkono wa pitmani), mna beringi. Skrubu ya juu inagusa meno ya sekta peke yake. Kama beringi za shafti ya kuingilia ndizo zilizochoka, kaza utakavyo.

Dada Spana

Chuma, kuhusu beringi uko sahihi. Lakini tusimuuzie mtu boksi kabla hatujajua kama pleyi iko humo.

Na kukaza si uganga, ila kuna namna. Watu wengi wanakaza gari likiwa limeungwa kila kitu, wanazungusha nusu duru, wanafurahi usukani umekuwa mgumu. Matokeo yake usukani haurudi baada ya kona na meno yanaliwa. Kiutaratibu, dragi linki ifunguliwe kwenye pitmani, boksi liwekwe katikati yake halisi, loknati (nati inayoifunga skrubu) ilegezwe, kisha skrubu isogezwe kama moja ya nane ya duru, upime kwa mkono, urudie. Unachotafuta ni ugumu mdogo pale katikati tu, kwingine pazunguke huru. Meno yametengenezwa hivyo: yanabanana zaidi katikati, yanaachia pembeni. Ukikuta pembeni pamebana kuliko katikati, meno ya katikati yamekwisha, na hapo ndipo wazo la Chuma la boksi jingine linapoingia.

Na boksi la gololi haliwi bila pleyi kabisa. Sentimita moja au mbili kwenye ukingo wa usukani si ugonjwa.

Mchanga Laini

Nizungumzie kasta, kwa sababu sentimita 5 si ndogo kwa gari hili. Ekseli ya mbele ya 80 imeshikwa na mikono miwili mirefu, na kila mkono umefungwa kwenye ekseli kwa bushi mbili. Maana yake mkono ukiinama, ekseli inazunguka nao, haina hiari. Chukulia mkono una karibu sentimita 90. Chasisi ikipanda sentimita 5, mkono unainama kama digrii 3. Kasta ya kiwandani ni takribani digrii 3. Fanya hesabu mwenyewe.

Tiba za kasta ndizo hizi, nikizilinganisha:

Bushi zenye tundu la pembeni. Ndizo za bei ya chini na zinatosha kwa kimo chako. Ubaya wake ni kwamba upande mmoja wa mpira unabaki mwembamba, hivyo huchakaa haraka kuliko bushi za kawaida, hasa kwa anayepanda mawe.

Bamba za kurekebisha, zinazofungwa kwenye mabano ya ekseli na kuhamisha matundu ya bolti. Bushi za kawaida zinabaki. Kazi ni kubwa zaidi, wakati mwingine ya kukata na kuchomelea, na sioni sababu kwa sentimita 5.

Mikono mipya iliyojengwa na pembe ndani yake. Ndiyo safi kuliko zote na ndiyo inayoumiza mfuko.

Zote tatu zina dhambi moja ya pamoja: ukirudisha kasta, unageuza ekseli nzima, kwa hiyo pua ya difu inaangalia chini zaidi na propela ya mbele inapata pembe mbaya. Kwa sentimita 5 kwa kawaida inavumilika. Zaidi ya hapo mtetemo huanza.

Nusu Tangi

Mimi ni mtu wa Land Rover, nimepita kuchungulia tu. Kwa wenye Defender, Discovery ya kwanza na Range Rover ya zamani: kabla ya kufungua chochote mbele, angalieni bolijointi ya ile fremu ya A juu ya ekseli ya nyuma. Ikichoka, ekseli ya nyuma inajiendesha. Ukikanyaga mafuta gari linaelekea huku, ukiachia linaelekea kule. Dereva anahisi yote hayo mikononi na anaulaumu usukani. Kwenye 80 hakuna fremu hiyo, ila mikono ya nyuma na panhadi ya nyuma zina bushi, na dalili ni ileile.

Jingine, alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu. Msinakili namba za gari la mwenzenu. Land Rover za Series zinataka matairi yaelekeane kidogo kwa mbele, milimita 1.2 hadi 2.4. Defender, ambayo magurudumu ya mbele yanavuta muda wote, inataka yaachane kidogo. Mtu akiiwekea Defender vipimo vya Series anaharibu matairi huku akijiona ametengeneza.

Kiboko80

Ahsanteni sana. Nimefanya kipimo cha Dada Spana, shemeji yangu akiwa ndani na mimi chini.

Krosi ziko sawa. Boksi halisogei kwenye chasisi. Kiungo cha dragi linki upande wa pitmani kinacheza, kiganja kinakisikia wazi. Panhadi haina kitu, na beringi zote nzima. Boksi lina pleyi kiasi, shafti inatangulia kidogo kabla pitmani haijafuata. Usukani haurudi vizuri baada ya kona.

Halafu kuna jambo la ajabu. Usukani umenyooka gari likienda mbele, lakini nikihesabu duru kutoka katikati, upande mmoja unafika mwisho mapema kuliko mwingine. Hiyo nayo ni dalili?

Dada Spana

Hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri, Kiboko. Gari likiinuliwa, panhadi inaivuta ekseli pembeni na dragi linki inabadilika pembe. Usukani unabaki umepinda. Njia sahihi ya kuunyoosha ni kurefusha au kufupisha dragi linki. Njia ya mkato ni kuung'oa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Macho yanaridhika, ila boksi lako sasa linaendesha barabara nyoofu likiwa nje ya katikati yake, pale kwenye meno yaliyoachia. Pleyi unayoisikia inaweza kuwa ya kuzaliwa nayo, si ya uchakavu.

Lakini usihukumu kwa duru za magurudumu peke yake, maana kinachozuia hapo ni stopa za ekseli. Fungua dragi linki kwenye pitmani, zungusha boksi kutoka mwisho hadi mwisho, gawa kwa mbili. Hapo ndipo katikati yake.

Mzee wa Difu

Basi utaratibu wako umejipanga. Kiungo cha pitmani kwanza, hicho hakina mjadala, na splitipini mpya. Dragi linki ikiwa imefunguliwa, tafuta katikati ya boksi kama alivyosema Dada, rudisha usukani mahali pake, funga, urefu wa dragi linki ndio unyooshe magurudumu. Skrubu usiiguse bado. Endesha. Ninavyoona mimi nusu ya pleyi itakuwa imeondoka, na kitakachobaki ni kuzurura, ambako ni kazi ya bushi za kasta. Alaimenti ipimwe baada ya bushi, maana kasta na mwelekeo wa matairi vinagusana.

Chuma Kuukuu

Nasimamia neno langu la boksi, ila nakubali lisubiri hadi baada ya jaribio hilo.

Kiboko80

Sawa wakuu. Bushi nimeshaagiza, zile za tundu la pembeni. Kuna la kuangalia wakati wa kuzifunga?

Mchanga Laini

Mawili. Zina alama, na katika kila mkono bushi ya mbele na ya nyuma hazielekei upande mmoja: tundu la moja linapanda, la nyingine linashuka. Ukizigeuza, badala ya kuongeza kasta unaiondoa hata ile kidogo iliyobaki, na gari litakuwa baya kuliko sasa. Piga picha kabla hujazisukuma kwa presi.

La pili, bolti zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Zifikishe tu, shusha gari, litikise lijikalishe, kisha kaza likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukikaza ekseli ikining'inia, mpira utakaa umejisokota kila gari likisimama, na utapasuka kabla hujazifaidi.