C919 ya China, A320neo na 737 MAX: ungepewa hela ya ndege kumi, ungechukua ipi?

Kipanga77 (mwanzisha mada)

Wakuu, tangu C919 ya China ibebe abiria wake wa kwanza tarehe 28 Mei 2023, Shanghai Hongqiao kwenda Beijing, kila mjadala wa ndege unaishia pale pale. Kundi moja linasema Boeing na Airbus kwisha habari yao. Kundi la pili linasema ile ni ndege ya kuunga-unga, vipuri vya Wazungu vilivyopakwa rangi ya China. Makundi yote mawili yamenichosha.

Naomba tuifanye kama kikao cha bodi. Shirika la ndege la saizi ya kati linataka ndege kumi za korido moja, safari za saa mbili mpaka nne. Mezani zipo tatu: C919, A320neo ya Airbus na 737 MAX ya Boeing.

Kwa viti hazipishani sana. China Eastern wameiwekea C919 viti 164. Kwa masafa zinapishana: C919 ya kawaida inatajwa kilomita 4,075 na ile ya masafa marefu 5,555, wakati A320neo inakaribia 6,300 na 737-8 (toleo la MAX) inakaribia 6,500. Injini ni ndugu: LEAP-1C kwa China, 1B kwa Boeing, na 1A kwa Airbus (ingawa Airbus anakupa pia chaguo la Pratt & Whitney). LEAP inatengenezwa na CFM, ubia wa GE ya Marekani na Safran ya Ufaransa. Kuhusu bei, oda ya China Eastern ya ndege 100 mwaka 2023 ilitangazwa kwa karibu dola milioni 100 kwa kila moja. Hiyo ni bei ya orodha ambayo hakuna anayeilipa, lakini hata hivyo sioni ule urahisi watu wanaousema.

Mwageni hoja.

Hesabu_Kavu

Hoja kubwa ya C919 siyo bei, ni foleni. Airbus mwaka 2024 walikabidhi ndege 602 za familia ya A320, na oda ambazo hazijatimizwa zilikuwa zaidi ya 7,000. Piga hesabu mwenyewe: ukiweka oda leo bila ujanja wa kupitia kampuni za kukodisha, utakabidhiwa ndege mwanao akiwa sekondari. Boeing naye baada ya ule mlango bandia kuchomoka angani kwenye ndege ya Alaska Airlines tarehe 5 Januari 2024, FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilimwekea kikomo cha ndege 38 za MAX kwa mwezi.

Ila usikimbilie Shanghai. COMAC, watengenezaji wa C919, mwaka huo wa 2024 hawakufikisha hata C919 20. Na Air China, China Eastern na China Southern kila mmoja ana oda ya 100. Hao ni watoto wa nyumbani, watahudumiwa kwanza. Kwa hiyo umetoka kwenye foleni ndefu inayotembea, umeingia fupi iliyosimama.

Mama_Bawa

Nimefanya kazi karakana za ndege muda mrefu. Naomba niwaonyeshe kitu kisichoandikwa kwenye vipeperushi.

Ndege imetua saa tano usiku, inatakiwa iondoke saa kumi na mbili asubuhi. Fundi wa zamu anakuta vali moja ya hewa kwenye injini haifungi. Kitu chenyewe unakibeba kwa mikono miwili. Kama ni A320 au 737 na ghala lenu halina, unapiga simu, shirika la jirani wanayo, mnaazimana kwa mkataba uliopo, saa nane mnaifunga, saa tisa mnawasha injini kuijaribu, mhandisi anasaini kitabu. Abiria hawajui kama kuna kilichotokea. Sasa chukua ndege ambayo ukanda mzima mnayo ninyi peke yenu. Vali inasubiri ndege ya mizigo kutoka kwa mtengenezaji, inasubiri forodha, na abiria 160 wanalala hotelini kwa gharama yenu. Hiyo ni siku moja, na ndege mnazo kumi.

Interjet ya Meksiko waliyapitia haya. Walipokea Superjet 100 za Urusi 22, na mwanzoni walizisifu. Injini za SaM146 zikaanza kukaa karakana bila mbadala, ikafika hatua ndege moja inanyofolewa vipuri ili nyingine iruke. Muundo wa ile ndege haukuwa mbaya hata kidogo. Kilichokosekana ni watu na maghala nyuma yake.

Wajapani walilijua hilo vizuri. Mitsubishi ndege yao iliruka Novemba 2015. Juni 2020 wakakamilisha kununua programu ya CRJ, ndege za mikoani, kutoka Bombardier ya Kanada kwa dola milioni 550, na walichokitaka hasa ni ule mtandao wa huduma. Oktoba mwaka huo huo wakaisimamisha ile ndege yao, SpaceJet, Februari 2023 wakaifuta kabisa. Walibaki na mtandao wa kuhudumia ndege za mtu mwingine.

Bodi ikiniuliza, mimi nitauliza ghala liko wapi kabla sijauliza bei ya ndege.

Msafiri_Mkavu

Mimi abiria tu. Nasikia kiti cha katikati cha C919 ni kipana kuliko vya pembeni. Hiyo pekee wamepata kura yangu.

Tai_wa_Mashariki

Mama Bawa nakuheshimu, ila kwa hoja hiyo hakuna mgeni angewahi kuingia sokoni, na Airbus wenyewe tusingekuwa nao.

Turudi nyuma. Airbus iliundwa Desemba 1970, A300 ikaruka Oktoba 1972. Kufikia katikati ya miaka ya sabini ndege zilikuwa zinakaa Toulouse bila mnunuzi, na Wamarekani walikuwa wanacheka: serikali za Ulaya zinachezea kodi za watu. Mwaka 1977 wakawapa Eastern Air Lines A300 nne kwa miezi sita ya majaribio, karibu na bure. Eastern wakaona mafuta wanayookoa, na mwaka 1978 wakaagiza 23. Hapo ndipo mlango wa Marekani ulipofunguka. Kuhusu kelele za ruzuku, Marekani na Ulaya wameshtakiana kwenye Shirika la Biashara Duniani kuanzia 2004 mpaka waliposimamisha ugomvi Juni 2021, kwa sababu kila mmoja alikuwa na uchafu wake. Mchina anafanya kile kile ambacho wenzake walishafanya.

Na tofauti ya China na Japani ni soko. Mitsubishi walitegemea Marekani, ambako mikataba ya marubani inaweka kikomo cha uzito na viti kwa ndege za mikoani, na toleo lao kubwa likazidi uzito. COMAC hata asipouza ndege moja nje ana soko la ndani la kumlisha miaka. Ndiyo maana wanaweza kukosea, wakajifunza, wakarudia. Wachina walianza na Y-10, ndege ya abiria iliyoruka mwaka 1980 na ikafia njiani, kabla COMAC haijakuwepo. Ile ndege bado imesimamishwa kwenye eneo la COMAC Shanghai, wahandisi wanaipita kila siku.

Halafu mbona hakuna anayemtaja Embraer? Imeanzishwa 1969 na serikali ya Brazili, leo E-Jet zao zimejaa Marekani na Ulaya.

Mama_Bawa

Embraer alianza na Bandeirante, ndege ndogo ya pangaboi, akajenga wateja na mafundi polepole, akapanda ngazi. Hakuingia moja kwa moja kwenye uwanja wa A320. Bombardier ndiye aliyejaribu kusogea huko. CSeries ilikuwa ndege nzuri mno, ikamkausha pesa, na Julai 2018 Airbus wakachukua asilimia 50.01 ya hisa za mradi bila kulipia hata thamani yake. Leo inaitwa A220. Mjanja hapo ni nani?

Kapteni_Mstaafu

Niongeze la chumba cha marubani, maana mmezama kwenye pesa.

C919 ina fimbo ya pembeni kama Airbus na amri zinakwenda kwa umeme kupitia kompyuta. Skrini tano kubwa. Ni chumba cha kisasa, rubani wa A320 hatakishangaa. Lakini leseni ya kurusha aina hiyo ya ndege ni nyingine, na simulata ni nyingine. Rubani wa A320 kesho anapanda A321 bila kurudi darasani kwa wiki kadhaa; kwenye C919 unajenga kikosi upya, na ukiwa na ndege kumi tu, marubani wawili wakiugua ratiba imeyumba.

Kuhusu MAX, wengi wanaizungumzia ajali bila kusema chanzo. Muundo wa 737 uliruka mara ya kwanza mwaka 1967, ukiwa chini sana karibu na ardhi, enzi injini zilikuwa nyembamba. Injini mpya pana zikalazimika kusogezwa mbele na juu, tabia ya pua ikabadilika, wakaweka programu ya MCAS kuirekebisha, tena ikisoma kihisio kimoja tu, na marubani hawakuelezwa vya kutosha. Lion Air 610 Oktoba 2018, watu 189. Ethiopian 302 iliyokuwa inakwenda Nairobi, Machi 2019, watu 157. Imeshafanyiwa marekebisho na mimi ningeirusha leo bila hofu. Ila kwa muundo tu, C919 haijabeba mzigo huo wa mwaka 1967. Nampa Mchina alama hapo.

Hesabu_Kavu

Kapteni umesema vizuri. Bado kuna ithibati. C919 ina cheti cha China tangu Septemba 2022. Cha Ulaya hakipo. Mkuu wa EASA (mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya), Florian Guillermet, alisema mwaka 2025 kwamba itachukua kati ya miaka mitatu na sita. Mnaweza kusema haituhusu kama haturuki Ulaya. Mwenye benki inamhusu. Karibu nusu ya ndege za mashirika duniani ni za kukodi, na anayekodisha anawaza mkataba ukivunjika atampelekea nani ndege hiyo. A320 ataipeleka popote. C919 leo ataipeleka wapi? Kwa hiyo riba inapanda, na ule unafuu mliopewa mezani unarudi mlango wa nyuma.

Kipanga77

Na ile hoja ya injini? Mwishoni mwa Mei 2025 Marekani ilisimamisha leseni za kupeleka LEAP-1C China, Julai ikaziachia.

Tai_wa_Mashariki

Hapo sina ubishi, ni kidonda. Wana injini yao ya CJ-1000A kwenye majaribio. Siku ikiwa tayari, kamba ya shingoni inalegea.

Mama_Bawa

Inalegea kwao. Kwako mnunuzi inakuwa ndege nyingine: injini mpya haina historia ya saa angani, mafundi wanasoma upya, ghala linajazwa upya, na cheti cha nje kinaanza safari yake upya. Warusi wako huko huko na ndege yao ya MC-21, iliyoruka mwezi ule ule wa C919, Mei 2017. Vikwazo vya 2022 vikawalazimisha kubadilisha kila kifaa cha nje.

Kipanga77

Basi kura. Mimi natoka na A320neo, hata kama za kukodi zilizotumika kidogo, ndege zote kumi.

Hesabu_Kavu

Mimi saba A320neo za kukodi. Tatu za China, lakini si C919. Nachukua C909 ndogo, kwa mtindo wa VietJet mwaka 2025: walikodi kutoka Chengdu Airlines pamoja na marubani, wakazipeleka Con Dao ambako uwanja ni mfupi. TransNusa ya Indonesia nao wanaziendesha tangu 2023. Ndege ikilala chini, hasara ni ya mwenye ndege. Unajifunza kwa hela ya mwenzako.

Tai_wa_Mashariki

C919 kumi. Ila mkataba useme ghala la vipuri lijengwe kwetu kabla ya ndege ya kwanza kutua, na kila saa ndege inayolala kwa kukosa kipuri wanatulipa.

Mama_Bawa

Kifungu hicho wakikisaini, nami nahamia kwako. Waandikie na injini humo humo.