MRI ya nyonga inaaminika kiasi gani? Ripoti inasema gegedu zima, daktari mwingine ana mashaka

BintiChumbageni: Habari za jioni wakuu, shikamooni wakubwa. Naomba ushauri, mdogo wangu wa kiume ana miaka 29, tupo hapa Tanga, mwaka wa pili huu nyonga ya kulia inamtesa. Maumivu yanaanzia kwenye kinena, kukaa tahiyatu hawezi siku hizi anaswali kwenye kiti, akipanda daladala anashika mlango kwanza ndo aunyanyue mguu kwa mkono. Eksirei ilitoka safi. Tukachangishana ukoo mzima akaenda Dar kupiga MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, majibu yakaja gegedu, yaani ule utando laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya jointi, halina shida, tukashukuru Mungu. Sasa wiki iliyopita daktari mwingine wa mifupa kaziangalia picha zile zile anasema gegedu linaweza kuwa limelika na picha isione. Nimechanganyikiwa jamani, kipimo kikubwa vile na hela yote ile, tumwamini nani?

Kijana_wa_Mionzi: Pole sana dada. Mimi nipo chumba cha mionzi, na huyo wa pili hajakosea. Gegedu la nyonga ni jembamba, milimita chache tu, tena limepinda kufuata duara la kichwa cha paja, halafu la kichwa na la kikombe, lile shimo la nyonga ambamo kichwa kinakaa, yamelaliana kama chapati mbili za moto, picha inapata tabu kuona moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Goti lina unafuu. Kwa hiyo MRI ya kawaida ikisema gegedu limelika, mara nyingi limelika kweli, ila ikisema zima bado nyufa ndogo au gegedu lililoanza kubanduka kwenye mfupa vinaweza kupita. Hebu fungua CD, wamepiga nyonga zote mbili kwa pamoja au ya kulia peke yake? Na mashine Tesla ngapi, yaani nguvu ya sumaku yake?

BintiChumbageni: Nimefungua saa hizi, zote mbili kwa pamoja, imeandikwa 1.5.

Kijana_wa_Mionzi: Basi hapo ndo penyewe. Picha pana hivyo inafaa sana kuangalia kama kichwa cha paja kimekosa damu, ile wanayoipata sana wenye selimundu, MRI huiona hata kabla ya eksirei. Kwa gegedu mnataka nyonga moja, picha za karibu, na 3 Tesla ikipatikana ni bora zaidi. Kuna pia MRI ya kuchoma kwanza sindano yenye gadolini, dawa ya picha, ndani ya jointi, dawa inapenya kwenye nyufa na kwenye ule utepe unaozunguka kikombe kama umechanika. Mtasikia na T2 au dGEMRIC, hizo ni aina maalumu za MRI zinazopima hali ya gegedu lenyewe kabla halijalika, ila namba zake hubadilika mashine kwa mashine, hata pembe ambayo gegedu limelala ndani ya sumaku inazigeuza, kwa hiyo msichange hela kwa ajili ya hizo.

MamaZai: Mimi naona ripoti imesema zima, aanze mazoezi tu apunguze mawazo.

Mwinyi_Pangani: Mama Zai, mtu anayeinua mguu kwa mkono si wa kuambiwa apunguze mawazo. Mwanangu, mie nilitibiwa mgongo mwaka mzima, mpaka daktari mmoja akanichoma ganzi ndani ya nyonga huku anaangalia kwa ultrasaundi, maumivu yakakata masaa kadhaa, nikatembea mpaka stendi bila fimbo, ndipo ikajulikana tatizo liko ndani ya jointi. Mwulizeni daktari hilo kabla ya picha nyingine.

BintiChumbageni: Ahsante sana baba, na wewe kaka. Jumatatu tunarudi na CD, maswali nimeyaandika kwenye daftari. Kwa hiyo tuombe nyonga ya kulia peke yake, si ndio?

Kijana_wa_Mionzi: Ndiyo, kulia peke yake. Na daktari aandike kwenye fomu kabisa kwamba anatafuta gegedu na ule utepe, msomaji asipojua anatafutiwa nini hupita juu juu. Kama ana shida ya figo au dawa ya picha iliwahi kumdhuru, aseme mapema.