Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu) na shahada ya taaluma za maendeleo: hesabu inakaaje?

Wakuu, tuseme deni ni 14,000,000 na ajira ya kwanza, sekta binafsi, ni shilingi 720,000 kwa mwezi bila posho. Mfukoni kinabaki nini, na deni litaisha lini?

Mdau wa Payroll
Bodi inakata 15% ya mshahara wa msingi: 108,000. NSSF (mfuko wa pensheni) 10% ni 72,000. PAYE (kodi ya mshahara) inapigwa kwenye 648,000 inayobaki baada ya kutoa NSSF, inakuja 45,600. Unaondoka na 494,400. Gawa 14,000,000 kwa 108,000: miezi 130, karibu miaka 11. Mshahara ukipanda, makato yanapanda na deni linaisha mapema. Ile tozo ya 6% kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa 2021, kwa hiyo deni halivimbi tena.

Kalamu Nyekundu
Basi usiogope deni, ogope ile 494,400 kabla ya kodi ya nyumba na nauli. Shahada mchanganyiko kama hii ya maendeleo inakwama kwenye tangazo la kazi. Fungua Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali), soma matangazo 30, hesabu mangapi yanataja "maendeleo" kwa jina. Yanayotaja uchumi au takwimu pekee yatakutupa nje kwenye mchujo. Chagua masomo ya hiari ya takwimu na ufuatiliaji na tathmini mapema, mwaka wa pili hivi.

Mdau wa Payroll
Nyongeza: hakiki taarifa ya deni mara kwa mara. Makato yanaweza kuonekana kwenye salary slip huku mwajiri hajayapeleka Bodi. Tunza slip zote.