Windows 10 imefikia mwisho: ofisi ya kuchapa ibaki Windows, ihamie Linux au inunue Mac?

Mama wa Ofisi, Katuba

Jambo kwenu, ndugu wa Lubumbashi na wengine mnaosoma. Nina ofisi ndogo ya kuchapa na kutoa nakala, na kazi yetu kubwa ni kupokea kazi za kumaliza masomo ambazo wanafunzi wa chuo kikuu wanatuletea kwenye flashi, kuzipanga, kuzichapa na kuzifunga. Kompyuta zetu ni za mezani, zimetoka Ulaya zikiwa zimekwisha kutumika; nyingi zina prosesa ya Intel ya kizazi cha 4 au cha 6 na kumbukumbu ya gigabaiti 4, na zote zinaendesha Windows 10. Masasisho ya bure ya mfumo huo yalifikia mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikataa mashine hizi.

Mdogo wangu anataka niweke Linux, mfumo mwingine wa bure wa kuendesha kompyuta, na mteja mmoja ananishauri ninunue Mac. Siulizi mfumo upi unasifiwa zaidi. Ninauliza kila mmoja utaniumiza wapi, kwa sababu mwanafunzi anayekuja jioni wakati atatetea kazi yake kesho asubuhi hawezi kungoja nijifunze. Mzingatie pia kwamba umeme hukatika bila taarifa, na intaneti tunainunua kwa mega.

Fundi, Kamalondo

Mama, nianze na Windows kwa kuwa ndiyo mliyo nayo. Windows 11 inadai kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa upande wa Intel orodha yake rasmi huanza, isipokuwa prosesa chache, kwenye kizazi cha 8. Mashine zako zina nguvu ya kutosha kwa kazi ya maandishi, lakini zimeachwa nje kwa kanuni hiyo, na huo kwangu ndio upungufu mkubwa wa mfumo huu kwa mji kama wetu, ambao unaishi kwa kompyuta zilizotumika. Mafundi wengi wanajua kuzunguka ukaguzi huo, nami ninajua, ila sishauri kujenga biashara juu yake, maana Microsoft haikuahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho.

Njia halali ya kubaki na Windows 10 ipo: kwa watu binafsi, ulinzi wa nyongeza wa mwaka mmoja hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa mashirika, dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hiyo huzidishwa mara mbili kila mwaka kwa miaka isiyozidi mitatu. Jumlisha kwa mashine zako zote, utaona kwamba miaka miwili ya malipo hayo inakaribia bei ya kompyuta nyingine iliyotumika.

Upungufu wa pili ni mega. Sasisho moja la mwezi laweza kuwa mamia ya megabaiti, na mtumiaji wa kawaida anaruhusiwa kuliahirisha tu, si kulikataa moja kwa moja. Hapo kuna dawa ambayo wengi hawaitumii: ndani ya mipangilio ya Windows Update kuna sehemu ya Delivery Optimization, inayoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kugawana sasisho lililokwisha kupakuliwa na mojawapo. Iwashe kwa mtandao wa ndani peke yake, usiiruhusu kutuma nje kwenye intaneti, la sivyo mega zako zitawahudumia watu usiowajua.

Kuhusu Mac nitasema machache. Ni mashine imara, lakini tangu Novemba 2020, ilipotoka M1, prosesa ya Apple yenyewe, kumbukumbu yake imeunganishwa na prosesa na haiwezi kuongezwa; zile za zamani zenye Intel nazo zinafikia mwisho, kwa kuwa macOS 26 ndilo toleo la mwisho la mfumo wa Mac linalozikubali. Kwa ofisi inayoishi kwa kubadilisha vipande vilivyokufa, bei hiyo ni kubwa kuliko ile iliyoandikwa kwenye sanduku.

Mwalimu wa informatika, Kampemba

Ninaungana na Fundi, lakini Linux nayo isisifiwe bila kuonyesha mahali inapouma. Kwa mashine za Mama ningechagua Linux Mint 22, iliyotoka mwaka 2024 juu ya msingi wa Ubuntu 24.04 na ambayo itatunzwa hadi 2029. Inahitaji gigabaiti 2 za kumbukumbu, na 4 ndizo zinazopendekezwa, kwa hiyo mashine zako zinatosha, hasa ukichukua toleo lake jepesi liitwalo Xfce. Virusi vile vinavyoficha folda za flashi na kuweka njia za mkato mahali pake haviwezi kufanya kazi humo, kwa sababu vimeandikwa kwa Windows. Hata hivyo faili lenye virusi linabaki kwenye flashi na kumrudia mwanafunzi, kwa hiyo kulichunguza kwa ClamAV, programu ya kutafuta virusi, na kulifuta bado ni wajibu wenu.

Maumivu yenyewe yako kwenye hati, na hapa ningemwomba Mama asome polepole. LibreOffice, programu ya maandishi inayotumika kwenye Linux, inafungua faili za Word, lakini kufungua si sawa na kuonyesha vilevile. Herufi za Calibri na Cambria ni mali ya Microsoft na haziji pamoja na Linux; mahali pake huwekwa Carlito na Caladea, ambazo zimechorwa kwa upana uleule ili mistari isihame. Times New Roman, ambayo wanafunzi wengi huitumia, ina mwenzake Liberation Serif wenye upana uleule pia. Kwa maandishi matupu basi kurasa hukaa karibu sawa. Mambo huharibika kwenye majedwali yaliyobanwa, milinganyo, visanduku vya maandishi vilivyowekwa juu ya picha, na orodha ya yaliyomo inayojipanga yenyewe: kichwa kimoja kikisogea ukurasa mmoja, namba zote zinazofuata zinadanganya, na mwalimu anayesimamia kazi hatauliza ulitumia mfumo gani. Mwanafunzi aliyekwisha kumaliza alete PDF. Anayetaka kurekebishiwa ndani ya Word, kazi yake ifanyiwe kwenye mashine yenye Word.

Printa ziangalieni kabla ya yote. Linux na macOS zote hutumia mfumo mmoja wa kuchapia uitwao CUPS, na printa nyingi za HP zinafanya kazi vizuri kwa programu ya HPLIP. Zile za bei nafuu, ambazo hutegemea kompyuta kuzitengenezea ukurasa mzima, mara nyingi zina dereva (programu ya kuendeshea printa) ya Windows tu. Washeni Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, muunganishe kila printa, mchape kurasa pande mbili. Hilo litawaambia zaidi ya maneno yangu.

Kuhusu umeme, hakuna mfumo unaoshinda. NTFS ya Windows na ext4 ya Linux, yaani namna za kupanga faili kwenye diski, zote huweka daftari la mabadiliko ili diski isivurugike, lakini sentensi ambayo haijahifadhiwa inapotea kotekote. Word na LibreOffice hujihifadhia nakala ya dharura kila dakika 10. Punguzeni ziwe 2, na mnunue onduleri, kifaa chenye betri kinachoishikilia kompyuta umeme ukikatika.

Mhasibu, Kenya (komuni ya Lubumbashi)

Niongeze jambo moja. Kama Mama anafanyia wateja hesabu, asiondoe Windows yote. Tangu nchi yetu ya Kongo iingie mwaka 2012 kwenye OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara na uhasibu, wengi wetu tunatumia programu za uhasibu zilizoandikwa kwa Windows, na kuzilazimisha ndani ya Linux kwa njia ya Wine, chombo cha kuendeshea programu za Windows humo, ni kuweka vitabu vya mtu kwenye hatari.

Mama wa Ofisi, Katuba

Asanteni sana, Papa Fundi, Mwalimu na Mhasibu. Ninafikiria kununua mashine moja ya kizazi cha 8 kwa ajili ya Windows 11, Word na hesabu, na nyingine kuzipa Mint kwa kuchapa PDF na kupokea flashi. Mdogo wangu anapenda mashine moja iwe na mifumo yote miwili, lakini alipojaribu kwake, Linux ilifungua diski ya Windows kwa kusoma tu na ikakataa kuandika. Je, diski imeharibika?

Fundi, Kamalondo

Haijaharibika, Mama. Windows ina kitu kiitwacho Fast Startup: unapoizima haizimiki kabisa, huacha sehemu yake ikiwa imelala kwenye diski ili iwake haraka, na Linux ikiona hivyo inakataa kuandika ili isiharibu kilichoachwa. Mdogo wako aingie kwenye Control Panel, sehemu ya umeme, aondoe alama kwenye Fast Startup, kisha aizime Windows upya kabla ya kuwasha Linux. Kwenye mashine za ofisi lakini mfumo mmoja kwa kila mashine unafaa zaidi: umeme ukikatika na kurudi, mfanyakazi asiulizwe achague nini wakati mteja amesimama mbele yake.