Mshauri elekezi wa laki nne na nusu: ni kujifunza kazi au tunadanganywa na cheo?

Kijana wa Sakina (mleta mada)
Wakuu, habari za jioni. Nina digrii ya uchumi, na huu ni mwaka wangu wa pili kwenye kampuni ya ushauri hapa Arusha, jina naliweka kapuni. Kadi yangu imeandikwa "Mshauri Elekezi". Mzee wangu kule Machame anayo moja kwenye pochi, kila mgeni anaonyeshwa.

Kazi yenyewe sasa. Naingiza majibu ya madodoso kwenye Excel, nachukua ripoti ya mwaka juzi, nabadilisha jina la wilaya na nembo ya mteja. Mwezi uliopita ripoti ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) ya kahawa kule Hai ilitoka na sentensi inayosema "wanachama wengi huhamisha mifugo wakati wa kiangazi". Ilibaki kutoka ripoti ya Longido. Bosi alisaini, mteja akapokea. Niliiona mimi, saa tano usiku, ikiwa imeshaenda.

Malipo ni laki nne na nusu kwa mwezi. Mimi nasema tunadanganywa. Pesa ndogo ningeivumilia kama kungekuwa na mtu wa kunikalisha chini akanionyesha sura ya nne imekosewa wapi.

Mama Njiro
Mwanangu, polepole. Nina kaofisi kadogo ka ushauri. Nilianza kwa kujitolea miezi minane, nauli yangu mwenyewe. Kwenye zabuni mteja anatoa alama kwa uzoefu wa wataalamu waliotajwa. Jina lako halina alama. Na mteja akikalia ankara miezi minne, mshahara wako nautoa mfukoni.

Kijana wa Sakina
Shikamoo mama. Kama jina langu halina alama, mbona ripoti naandika mimi kuanzia jalada hadi viambatisho?

Mama Njiro
Marahaba. Hapo umenishika. Ila kufundisha kunakula siku, na siku hizo mteja hazilipi.

Chalii wa Kijenge
Oya, acha kazi njoo tupeleke wageni Tarangire. (Mwezi wa nne usinitafute lakini, masika tunalala njaa wote.)

Mhasibu Mstaarabu
Mleta mada, hiyo laki nne na nusu inakufikia ngapi mkononi?

Kijana wa Sakina
427,500.

Mhasibu Mstaarabu
Nilijua. Umekatwa 5% ya kodi ya zuio tu, maana yake vitabuni wewe si mfanyakazi, ni mtoa huduma kama fundi bomba. Ungeajiriwa kweli: NSSF (mfuko wa pensheni) 10% ni 45,000, bodi ya mikopo (deni la chuo) 15% ni 67,500, PAYE (kodi ya mshahara) 10,800 (toa NSSF kwanza, kisha 8% ya kinachozidi 270,000). Unabaki na 326,700. Ndiyo maana vijana wanausaini mkataba huo wakicheka, laki nzima ya ziada wanaiona mkononi. Lakini 45,000 ya mwajiri NSSF hakuna, likizo ya siku 28 hakuna, ukianguka na bodaboda ukienda kukusanya data WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) hawakujui, na deni la bodi liko palepale.

Mdau wa Moshi
Na neno "mtoa huduma" halimlindi bosi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61: hata mkataba uandikweje, unachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitike vinginevyo, ikiwa anakupangia muda, au unatumia vifaa vyake, au kwa miezi mitatu umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi. Moja tu linatosha. Wewe saa 45 unazimaliza wiki ya kwanza. CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, wapo.

Mama Njiro
Akienda CMA, Arusha hii ndogo, nani atamchukua tena? Simtishi, nasema lilivyo.

Kijana wa Sakina
Nimefungua mkataba sasa hivi. Ukurasa wa pili, kweli, "mtoa huduma". Mpya nasaini Ijumaa, nataka niombe kuandikwa mwajiriwa. Shida kodi ya chumba niliipigia hesabu kwa ile 427,500, kwa 326,700 haikai, kwa hiyo lazima niombe na nyongeza. Mama, ungekuwa wewe ndiye bosi, ungependa nikuanzeje?

Mama Njiro
Uje asubuhi, kabla sijafungua barua pepe. Na uje na ile sentensi ya mifugo.