Triebflügel 1:48 inaanguka kila nikiisimamisha, na rangi sijui nipake ipi

Rubani wa Sebuleni:
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama. Naunda modeli ya Triebflügel ya Focke-Wulf, ile ndege ya Wajerumani ya 1944 iliyokusudiwa kupaa wima ikiwa imesimama kwa mkia. Ina mabawa matatu yanayozunguka kiunoni, kila moja na ramjeti, aina ya injini ya jeti, nchani. Haikuundwa, iliishia kwenye michoro na majaribio ya handaki la upepo.

Kiwiliwili ni bomba la PVC, pua ni mbao, mabawa ni karatasi ngumu ya plastiki. Ndege yenyewe ingekuwa na mita 9.15, yangu, ndogo mara 48, ina sentimita 19. Sasa kila nikiisimamisha inapiga mweleka. Jana imetumbukia kwenye chai, bawa moja likang'oka. Halafu rangi: shemeji anasema ndege haijawahi kuwepo, nipake hata pinki. Picha hizo hapo. Feni kwenye midomo ya injini nimezikata kwa kopo la soda, zimenila wikiendi nzima.

Mzee wa Msasa:
Pole na chai, mkuu. Mkono unao, ila nitakuudhi: feni toa. Ramjeti haina feni wala kompresa, inategemea hewa inayoingia kwa kasi. Ikiwa imetulia haiwezi kujisukuma, ndiyo maana walipanga roketi ndogo ziyazungushe mabawa kwanza. Hakuna picha ya kukuumbua kwenye ndege kama hii, lakini fizikia itakuumbua.

Na injini ya tatu, ile ya kulia pichani, imetazama nyuma. Zote zifuate mzunguko mmoja.

Chubwi:
Jina langu ndilo jibu lako 😂 Uzito wote uko kiunoni na kwenye ncha za mabawa. Nunua chubwi mbili za wavuvi, zigande ndani ya bomba, chini kabisa. Halafu isimamishe juu ya kioo: gurudumu kubwa la katikati na yale manne madogo ya kwenye mapezi yaguse yote. Likining'inia moja tu, chubwi hazitakusaidia.

Rangi Mbili:
Shemeji ana hoja, ila pinki hapana. Mimi ningepaka kama ndege zao za kivita za mwisho wa vita: RLM 76 (RLM ni namba za rangi za wizara yao ya anga) ya kijivu-buluu chini, juu RLM 81 ya hudhurungi na 82 ya kijani.

Mzee wa Msasa:
Chini ipi? Hiyo inasimama wima! Ningeacha bati tupu, na masizi nyuma ya ramjeti.

Rangi Mbili:
Ikifika juu inalala, mzee. Tumbo lipo.

Rubani wa Sebuleni:
Feni mbili zimetoka, roho imeuma. Ya tatu imegandishwa kwa supaglu haitikisiki. Nijaribu asetoni?

Chubwi:
Usithubutu, itakula na plastiki! Iweke kwenye friza usiku mmoja. Supaglu ikipata baridi inakatika kirahisi, asubuhi chokonoa kwa ncha ya wembe.

Rubani wa Sebuleni:
Friza imejaa vibua. Nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni, nimeilaza juu yao. Mama watoto bado hajaiona.