Ajali moja, kesi mbili: je, huku si kuadhibiwa mara mbili?

Swali
Habari zenu wanajukwaa. Ninasoma stashahada ya biashara na somo la sheria linanitatiza. Tulipewa mfano wa dereva wa kampuni aliyemgonga mtembea kwa miguu akisambaza mizigo: dereva akatozwa faini kwa kuendesha gari kwa uzembe, kisha majeruhi akafungua kesi nyingine na kampuni ikaamriwa kulipa fidia. Inakuwaje kosa moja lizae kesi mbili, na kwa nini alipe tajiri ambaye hakushika usukani?

Jibu la 1
Ndugu, kinachokutatiza ni neno “kosa”, ambalo tunalibebesha mambo mawili. Katika jinai anayeshtaki kwa kawaida ni dola, na kinachotafutwa ni iwapo mshtakiwa anastahili adhabu. Ndiyo maana hatia huthibitishwa pasipo kuacha shaka yoyote ya msingi. Katika sheria ya madhara anayedai ni majeruhi mwenyewe, na mahakama huuliza nani abebe hasara ya mguu uliovunjika, matibabu na mshahara uliopotea. Hapo inatosha maelezo ya mdai yaelekee kuwa kweli kuliko ya mdaiwa. Faini huenda serikalini, fidia humfikia aliyeumia. Kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa huru kwenye jinai na bado akashindwa kwenye madai.

Jibu la 2
Naongezea kuhusu tajiri. Wengi hudhani mwajiri akisema “sikumtuma afanye hivyo” amejinasua, na sivyo. Katika shauri la Century Insurance la mwaka 1942, lililofika House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, dereva wa lori la mafuta alikuwa akimimina petroli kwenye tangi la gereji, akawasha kiberiti avute sigara, akatupa njiti chini, pakalipuka. Sigara ilikuwa starehe yake, lakini kumimina petroli ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya, na njiti ilitupwa katikati ya kazi hiyo. Mwajiri akabeba dhima. Angekuwa amechepuka na lori kwenda kwenye shughuli zake binafsi, huenda jibu lingekuwa jingine.

Jibu la 3
Nakubaliana nanyi, ila kanuni hiyo haihamii jinai kirahisi, na hapo ndipo wengi hupoteza alama. Katika Tesco dhidi ya Nattrass, iliyoamuliwa na mahakama hiyohiyo mwaka 1971, duka lilitangaza sabuni ya unga kwa bei ya punguzo, pakiti za punguzo zikaisha, rafu ikajazwa za bei ya kawaida, na meneja wa duka hakugundua. Kosa lenyewe halikuhitaji nia ovu, lakini sheria iliruhusu utetezi kwa aliyechukua tahadhari zote zinazofaa. Kampuni ilishinda, kwa kuwa ilikuwa na utaratibu mzuri wa usimamizi na meneja wa tawi hakuhesabiwa kuwa akili ya kampuni, yaani mmoja wa wakubwa wanaoiamulia. Mimi binafsi naona hukumu hiyo iliyapendelea makampuni makubwa, yenye ngazi nyingi za kujificha nyuma yake.

Mwuliza swali
Nashukuru sana, sasa nimeelewa. Je, hatia ya dereva inamsaidia majeruhi katika kesi yake ya madai?

Jibu la 1
Katika nchi nyingi, ndiyo. Uingereza, kwa mfano, tangu sheria ya ushahidi ya mwaka 1968, hukumu ya hatia hupokelewa kama ushahidi, na mzigo wa kuipinga humwangukia mdaiwa.